Muuza Makaa na Mawe Meusi ya Mbinguni

 

Mimi ni muuza makaa hapa Busia, upande wa Kenya, mtaa wa Marachi. Kwetu hasa ni Tororo, upande wa Uganda, kwa Jopadhola. Huku nililetwa na ndoa. Wanaonijua tangu zamani hushangaa wakinikuta jioni nimesimama nje ya kibanda nawaonyesha watoto wa jirani sayari ya Mshtarii ilipo, maana wanakumbuka kwamba jiwe la kutoka mbinguni likitajwa mbele yangu nilikuwa nainuka na kwenda zangu. Wengi wameniuliza nimepatwa na nini. Kanisani nilikwisha kusema, lakini kanisani mtu hupewa dakika chache, na jambo hili lina mizizi mirefu.

Mizizi yenyewe ni Ijumaa ya tarehe 14 Agosti 1992, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Nilikuwa msichana mdogo, niko uani na mama tunaanua wimbi. Mbingu ilikuwa nyeupe, mvua hakuna. Tukasikia mshindo, kisha mwingine, halafu mngurumo uliokwenda mbali bila kukatika. Mama alitazama upande wa Mwamba wa Tororo, akasema hao ni watu wa machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, wamelipua baruti. Kuku walikuwa wameingia chini ya ghala na hawakutoka mpaka magharibi.

Jioni abiria walioshuka kutoka Mbale ndio waliotuletea habari. Haikuwa baruti. Mawe yalikuwa yameanguka kutoka juu, mengi, mengine yametoboa mabati ya nyumba za watu. Leo najua zaidi ya tulivyojua siku ile: kwamba lilikuwa jiwe moja lililopasuka angani, kwamba vipande vyake vilitawanyika katika eneo la kilomita tatu kwa saba hivi, kwamba wataalamu waliofika baadaye walipata mahali 48 palipoangukiwa, na kipande kikubwa kuliko vyote walivyopima kilikuwa na kilo 27 na ushee. Kijana mmoja alipigwa kichwani na kijiwe cha gramu tatu hivi kilichokuwa kimekwisha kupunguzwa kasi na majani ya mgomba, wala hakuumia. Yote hayo yameandikwa. Siku ile sisi tulichosikia ni neno moja tu, dawa.

Niwakumbushe vijana Uganda ilikuwaje mwaka huo. Ukimwi tuliuita silimu, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu, na hakukuwa na nyumba isiyo na kaburi jipya. Kaka yangu mkubwa alikuwa utingo wa malori ya Malaba na Kampala. Wakati ule alikuwa amelala ndani, mama anamgeuza ubavu huu na ubavu huu. Hospitali ilikuwa na panadol na maneno ya upole. Kwa hiyo uvumi ulipotoka Mbale kwamba Mungu ameshusha mawe ya kuponya silimu, na kwamba watu wanayasaga na kunywa, shangazi yetu hakungoja asimuliwe mara mbili. Alikwenda, akarudi na kipande kimefungwa kwenye pindo la gomesi.

Nilishika taa alipokuwa anasaga. Alitumia jiwe lile lile la kusagia wimbi. Unga ulitoka wa kijivu, si mweusi, na hilo lilinishangaza kwa sababu kwa nje kipande kilikuwa cheusi kabisa. Wakautia katika uji. Kaka alikunywa akamaliza, akatabasamu, akamwambia mama kwamba sasa anasikia nguvu magotini. Tulimzika kabla ya Krismasi.

Shangazi simlaumu hata leo. Mtu unayempenda akiwa anakufa na daktari hana kitu, utapanda mlima wowote utakaoonyeshwa. Lakini mimi mtoto nilihitaji mahali pa kuweka hasira yangu, nikaiweka juu ya mawe yale. Nilikua nikiamini kwamba kinachoshuka kutoka juu ni udanganyifu au ni laana. Usiku nikitoka nje sikuinua macho.

Sasa nije kwenye makaa. Nilipoolewa Busia, biashara niliyoikuta nyumbani kwa mume ilikuwa hiyo, na alipofariki nikaishika mwenyewe. Februari 2018 serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, makaa ya ng'ambo, yaani Uganda, yakawa ndiyo tegemeo la soko letu. Yanafika kwa baiskeli na pikipiki, magunia yamefungwa majani mdomoni, na mimi nayapima: gunia kwa mwenye hoteli, debe kwa mwenye watoto, mkebe kwa aliyepata hela ya leo tu. Makaa mazuri ukiyagonga yanalia. Yaliyonyeshewa hayalii, na moto wake ni moshi. Chini ya kila gunia hubaki chenga, zile punje na vumbi ambazo mteja hazitaki. Nilikuwa nazimwaga mtaroni nyuma ya kibanda.

Weusi wa makaa haukai juu ya ngozi ukangoja sabuni. Unaingia kwenye mistari ya kiganja na pembeni ya kucha, unahamia shingoni ukijifuta jasho, na Jumapili unakwenda nao ibadani. Nilijaribu limau, majivu, mafuta ya taa. Wakati wa kusifu, wenzangu wakiinua mikono, mimi yangu ilibaki ndani ya leso. Nikimrudishia mteja chenji, niliifunika kwa kipande cha karatasi ya nailoni.

Yote hayo niliyabeba mpaka yalipomfikia binti yangu. Shuleni walimpa jina la Makaa. Ilipofika siku ya wazazi aliniambia, bila ukali, akitazama chini, kwamba mama mdogo akienda badala yangu itakuwa sawa. Nikamtuma mdogo wangu. Siku hiyo nilikaa juu ya magunia tangu asubuhi na sikuuza vizuri.

Mtu aliyetumwa kwangu, na nasema ametumwa kwa sababu sioni neno jingine, alikuwa mzee mmoja mwalimu mstaafu wa fizikia. Alifundisha Tororo miaka mingi, na uzeeni akahamia Busia ya Uganda karibu na soko la Sofia. Alikuwa anavuka na baiskeli yake kununua makaa na betri za redio, na tulipogundua kwamba sote tunasema Dhopadhola, lugha ya kwetu, akawa mteja wangu wa kudumu. Siku moja mvua ilimkuta kibandani, akakaa. Akaniona ninavyomrudishia hela kwa ile nailoni.

"Mama, unaficha nini?"

"Mkono mchafu, mwalimu."

"Hiyo ni kaboni. Uchafu ni kitu kingine."

Nilidhani ni maneno ya kufariji tu, nikacheka kwa adabu. Yeye hakucheka. Alinieleza, mvua ikipiga bati, kwamba mti haujengi mbao zake kwa udongo. Unavuta hewa, unachukua kaboni iliyomo, unaifanya shina na tawi. Ukiuchoma mti bila hewa ya kutosha, maji na gesi hutoka, kaboni inabaki. "Unauza hewa iliyoshikwa na mti," akaniambia. Kisha akauliza kama nimewahi kusikia kwamba kuna mawe makubwa juu angani, meusi kwa kaboni hiyo hiyo. Hapo uso wangu ukabadilika. Nikamwambia habari za mawe sizitaki, na sababu nikamwambia.

Alinyamaza mpaka mvua ikapungua. Alipoondoka alinishika ule mkono mweusi kwa mikono yake miwili, namna tunavyoaga kwetu msibani.

Alirudi baada ya siku kadhaa na kikopo cha dawa ya vidonge chenye pamba ndani. Akakiweka juu ya mzani, akasema: "Sikulazimishi. Hili ni la siku ile ile, la Mbale. Nilipewa na mwanafunzi wangu." Nilikitazama kikopo mpaka wateja wakaisha. Ndipo nikakifungua.

Kilikuwa kipande kisichozidi kiungo cha mwisho cha kidole gumba. Upande mmoja ulikuwa na ganda jeusi lisilong'aa, jembamba kuliko kucha, lenye nyufa ndogo ndogo. Upande wa pili, lilipovunjika, rangi ilikuwa ya kijivu, ule unga niliouona utotoni, na ndani yake punje za chuma zilizometa nikiligeuza juani. Nilipoliweka kiganjani niliona lina uzito kupita udogo wake. Halikuacha alama yoyote kwenye ngozi. Mwalimu alitoa sumaku ya spika ya redio mbovu, akaisogeza, na jiwe likaruka likaishika. Akanieleza kwamba lile ganda jeusi ni pale jiwe lilipoyeyuka juujuu kwa kasi ya kuingia katika hewa yetu. Kwa asili jiwe la Mbale si jeusi.

Nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu utoto. "Mwalimu, lingeweza kumponya?"

"Hapana, mama. Ni jiwe na chuma. Halikuwa na dawa." Akangoja kidogo. "Wala halikuwa na laana."

Ndugu msomaji, sijui nilieleze vipi jambo lililonitokea hapo. Nililia mbele ya wateja. Miaka yote niliyokuwa nikichukia kitu kilichomdanganya kaka yangu, kumbe kitu chenyewe hakikuahidi neno. Kilikuwa kimesafiri tu, kikaanguka. Sisi ndio tulikuwa na kiu.

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi. Mwalimu akija kununua makaa, nampimia mkebe wa ziada, naye ananipa somo. Nikielewa nusu, binti yangu usiku ananitafutia nusu nyingine kwenye simu na kunisomea. Nitawapa yale yaliyonishika.

Kati ya Mirihi na Mshtarii kuna ukanda mkuu wa asteroidi, miamba isiyohesabika inayozunguka Jua, masalio ya wakati sayari zilipokuwa zinaumbwa miaka bilioni 4.56 iliyopita. Nilikuwa nafikiri kila kinachoelea angani kinang'aa. Sivyo. Sehemu kubwa ya miamba ile, hasa iliyo upande wa mbali na Jua, ni myeusi. Mkubwa kuliko yote katika hiyo myeusi yenye kaboni, ukiiweka Ceres kando kwa kuwa hiyo sasa huhesabiwa sayari kibete, unaitwa Hygiea. Aliyeiona kwanza ni Mwitalia Annibale de Gasparis, akiwa Napoli, tarehe 12 Aprili 1849. Upana wake ni kilomita 430 hivi; kutoka Busia hadi Nairobi kwa mstari ulionyooka hakufiki huko. Inachukua miaka mitano na nusu kulizunguka Jua mara moja. Na pamoja na ukubwa wote huo, macho matupu hayaioni, kwa sababu iko mbali na kwa sababu katika mwanga wote wa Jua unaoifikia inarudisha asilimia saba tu hivi. Mwingine wote inaumeza. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza picha zilizopigwa na darubini kubwa iliyoko Chile, na ikaonekana kwamba Hygiea ni karibu tufe kamili, ingawa zamani sana iligongwa na mwamba mwingine mpaka ikazaa maelfu ya vipande vinavyoifuata mpaka leo.

Iliyonifanya nisimame na kupiga vigelegele ni nyingine, ndogo zaidi. Inaitwa Mathilde, upana wake kilomita 50 na kitu. Tarehe 27 Juni 1997 chombo cha Marekani kiliipita karibu na kuipiga picha. Walikuta inarudisha asilimia nne tu ya mwanga, sawa na makaa yangu. Ina mashimo makubwa ya kugongwa, na wanaastronomia walipotafuta majina ya mashimo hayo waliyapa majina ya mabonde ya makaa ya mawe duniani. Shimo kubwa kuliko yote, lenye upana wa kilomita 33, linaitwa Karoo, kwa heshima ya bonde la Afrika Kusini. Fikiria: watu wenye elimu ya juu kabisa waliona kitu cheusi, na walipotaka kukipa heshima wakakumbuka wachimba makaa. Binti yangu aliposoma hapo alinitazama. Hakusema kitu, nami sikusema. Aliendelea kusoma.

Niliuliza swali la kazi yangu: ukiyaleta mawe hayo jikoni, yatawaka? Mwalimu akasema hapana. Hata katika yale yenye kaboni nyingi, kaboni ni asilimia tatu hadi tano. Iliyobaki ni udongo wa mfinyanzi, madini ya chuma na salfa, na maji yaliyofungwa ndani ya madini. Weusi mkubwa hivyo unatoka kwa kaboni kidogo iliyosambaa kila mahali pamoja na madini mengine meusi. Jibu hilo nililipenda, kwa maana mimi najua jinsi kiganja kimoja cha vumbi kinavyoweza kutia weusi chumba kizima.

Ndipo akanieleza habari ya Ivuna, na hapa nawaomba wasomaji wa Tanzania wanisikilize. Tarehe 16 Desemba 1938, katika nchi iliyoitwa Tanganyika, kilianguka kimondo huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Kilichookotwa kilikuwa na gramu 705. Mnaijua Mbozi na kimondo chake cha chuma cha tani 16 hivi, watalii huenda kupiga picha. Ivuna haina cha kupiga picha. Lakini kile kijiwe kidogo, cheusi mpaka ndani, laini kiasi cha kuvunjika kwa vidole, kimepewa nafasi ambayo chuma chote cha Mbozi hakina. Ukiondoa gesi nyepesi zilizopotea, mchanganyiko wa elementi zake unalingana na wa Jua lenyewe. Wanasayansi wanapotaka kujua mfumo wetu wa Jua uliumbwa kwa kitu gani, wanapimia hapo, na kundi zima la vimondo vya aina hiyo linaitwa kwa jina la kijiji hicho cha Rukwa. Vilivyoonekana vikianguka na kuokotwa ni vichache mno, kwa sababu vikilowa maji vinamomonyoka vikawa tope. Kingenyeshewa mvua za Desemba kabla ya kuokotwa, tusingekuwa na kitu. Kipande chake kikubwa leo kinahifadhiwa London.

Kenya nayo ina chake. Rumuruti, Laikipia, kilianguka kijiwe tarehe 28 Januari 1934. Kilichobaki kina gramu 67, na kundi jingine la vimondo linaitwa Rumuruti kwa sababu yake. Uganda ina Soroti, Septemba 1945, na ina Mbale yetu. Na huko huko ukandani, usiku wa tarehe 15 Juni 1933, mtaalamu Cyril Jackson akiwa Johannesburg aligundua asteroidi mbili. Zimepewa namba 1278 na 1279, na majina Kenya na Uganda. Mimi ninayevuka mpaka huu kila juma nikiwa na vitambulisho mkononi nilifurahi kupita kiasi kusikia kwamba huko juu zimefuatana hivyo. Hiyo inayoitwa Kenya inajizungusha polepole ajabu. Mchana na usiku wake kwa pamoja huchukua zaidi ya juma zima la kwetu.

Wajapani na Wamarekani hawakungoja mawe yaanguke. Waliyafuata. Desemba 2020 chombo cha Japani kilirudisha gramu 5.4 kutoka asteroidi nyeusi inayoitwa Ryugu, na walipoipima wakakuta inafanana na jiwe la Ivuna kuliko karibu kimondo kingine chochote walichonacho. Tarehe 24 Septemba 2023 Wamarekani wakashusha gramu 121.6 kutoka Bennu, nyeusi vilevile. Ndani yake wamekuta aina 14 kati ya 20 za amino asidi zinazotumika kujenga miili ya viumbe hai, na chumvi zilizoachwa na maji yaliyokauka. Wanasayansi wengi wanaona kwamba sehemu ya maji ya Dunia, na sehemu ya kaboni iliyo katika miili yetu, ilifika kwa mawe ya aina hii Dunia ilipokuwa changa. Kaboni yenyewe ilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla Jua halijawaka.

Mchungaji wangu aliniuliza kama maneno hayo hayapingani na Mwanzo. Nilimjibu nilivyoamini na ninavyoamini: imeandikwa mtu aliumbwa kwa mavumbi, na mimi sasa nimeambiwa mavumbi yale yalitoka wapi. Alifikiri, akanipa nafasi ya ushuhuda Jumapili iliyofuata. Nilisimama mbele bila leso. Nikainua mikono, kucha zikiwa kama zilivyo, nikawaambia kwamba weusi huu ni wa zamani kuliko milima ya Elgon na Sukulu, na kwamba sitaufunika tena mbele za Mungu aliyeufanya.

Chenga sizimwagi tena. Mei 2023 Rais Museveni alipopiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaskazini mwa Uganda, magunia yalipungua na bei ikapanda, na wengi wetu tulishikwa na wasiwasi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kuzigeuza chenga kuwa makaa mapya. Nachanganya chenga na uji mzito wa muhogo, nazikanda, nazishindilia ndani ya kopo lililokatwa, naanika juani siku tatu au zaidi kama kuna mawingu. Zinawaka taratibu na kukaa muda mrefu. Mwenye kupika maharagwe anazipenda kuliko makaa ya kawaida. Kwa faida hiyo nimepanda grevilia kwenye kipande cha shamba la ndoa. Nilipojua mti unachukua miaka mingapi kukusanya kaboni ninayoiuza kwa asubuhi moja, nilishindwa kuendelea kuuza bila kupanda.

Na binti yangu. Mwalimu wao wa fizikia aliwataka wazungumze mbele ya darasa juu ya kitu chochote cha angani. Wengine walichagua Mwezi, wengine roketi. Yeye aliingia na kipande cha makaa ya kibanda chetu, hakukifunga kwa karatasi, akakiweka juu ya dawati la mbele na kuanza na Mathilde na shimo lake la Karoo. Aliporudi nyumbani vidole vyake vilikuwa vyeusi na sare ina alama kifuani. Muhula huo siku ya wazazi nilikwenda mimi.

Mwalimu mstaafu alituacha mwaka jana. Kile kikopo aliniachia, kwa maandishi, pamoja na maagizo. Maagizo hayo ndiyo ninayotaka kuyapitisha kwako, kwa maana ardhi ya Busia, Tororo na Mbale imekwisha kupokea mawe na hakuna anayejua siku ya mengine.

Ukisikia mshindo mbingu ikiwa nyeupe, na kitu kikaanguka shambani kwako, angalia saa na uiandike, pamoja na tarehe na mahali. Kama kuna dalili ya mvua, kiokote mara moja, kwa maana kikiwa cha aina ya Ivuna hutakikuta kesho. Usikioshe. Usikiguse kwa sumaku. La mwalimu lilikuwa limekwisha kushikwa na wengi, lakini jiwe jipya lina kumbukumbu ndani yake ambayo sumaku huifuta. Kifunge katika karatasi ya foili iliyo safi na kavu. Atakuja mtu na fedha, pengine siku hiyo hiyo, mwambie angoje. Kipeleke kwanza kwa watu wa jiolojia wa serikali, Entebbe ukiwa Uganda, Nairobi ukiwa Kenya, Dodoma ukiwa Tanzania, au katika idara ya jiolojia ya chuo kikuu kilicho karibu nawe, ili walau kipande kibaki nchini kabla kingine hakijauzwa nje.

Na mgonjwa akiwa ndani, mpeleke hospitali. Dawa za ukimwi siku hizi zipo na zinatolewa bure, huku na ng'ambo. Jiwe usilisage. Ukiwa Busia na hujui pa kuanzia, njoo Marachi uulizie mama muuza makaa mwenye kikopo, nitakusindikiza.